Kwa nini kompyuta hukuonya juu ya programu uliyoipakua, ila ikija kwa fleshi hunyamaza?

Pakua programu isiyo na jina kubwa kwenye kompyuta ya Windows, ibofye mara mbili, na dirisha la bluu litakuzuia. Ichukue programu hiyohiyo kwa fleshi kutoka steshenari ya Kilombero au Ngarenaro, Arusha, na mara nyingi itafunguka bila swali. Faili ni lilelile. Kilichopotea ni alama.

Kivinjari kikishapakua faili, hulibandika maandishi mafupi yaliyofichwa yaitwayo Zone.Identifier, yenye mstari ZoneId=3: faili hili limetoka intaneti. Windows hutumia alama hii tangu toleo la XP SP2 la mwaka 2004. Ndiyo huiamsha SmartScreen, kinga ya Windows inayoleta dirisha hilo la bluu, ambayo huuliza Microsoft kama faili hilo, au sahihi ya aliyelitengeneza, linafahamika. Programu mpya yenye watumiaji wachache huonywa hata ikiwa safi, kwa hiyo dirisha la bluu si ushahidi wa virusi.

Sasa, alama hiyo huhitaji diski ya NTFS, mfumo wa kupanga faili ambao Windows huutumia kwenye diski yake. Fleshi nyingi hutumia mifumo mingine, FAT32 au exFAT, isiyo na mahali pa kuitunza, hivyo ukikopi inadondoka. Bando limeokolewa, ukaguzi umerukwa. Antivirus bado ipo, ila kizuizi kimoja kimeondoka, tena kwenye fleshi iliyopita kompyuta za watu wengi!

Kuzima SmartScreen kwa sababu inakera ni kosa. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, tafuta Digital Signatures. Ukikuta jina la mtengenezaji unayemtarajia na sahihi iko sawa, vizuri. Isipokuwepo (programu nyingi za bure hazina), fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwenye folda ya faili, andika hivi, ukiweka jina la faili lako badala ya jina.exe:

certutil -hashfile jina.exe SHA256

Utapata herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na zile zilizo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kuufungua ukurasa huo hakuli bando kama kupakua upya. Ikitofautiana hata moja, hakikisha kwanza ni toleo lilelile. Kama ndilo, futa. Zikilingana na faili lina alama, rudi Properties, weka tiki kwenye Unblock kwa faili hilo pekee.

Kwa kazi za kila siku tumia akaunti ya kawaida, ya Administrator iwe na nywila yake. Na programu ya "crack" (ya kuvunja leseni) inayokuagiza uzime antivirus kwanza, usiisakinishe kabisa.