Kupima saratani ya kibofu kwa njia ya mkojo: maswali na majibu kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Je, mkojo peke yake unaweza kuonyesha kwamba mtu ana saratani ya kibofu?

Unaweza kuashiria, lakini hauthibitishi. Uvimbe unaoota kwenye ukuta wa ndani wa kibofu hudondosha seli, protini na vipande vya vinasaba katika mkojo, na vipimo hivi hutafuta mabaki hayo bila kumchoma wala kumpasua mgonjwa. Uthibitisho hupatikana daktari anapopitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, akautazama ukuta wenyewe na kuchukua kinyama cha kupeleka maabara.

Vipimo vyenyewe ni vipi?

Cha zamani, kinachotumika tangu miaka ya 1940, ni saitolojia: mtaalamu wa patholojia huzichunguza seli za mkojo kwa hadubini. Kipimo hiki huzitambua vizuri saratani kali, kwa sababu seli zake zimeharibika waziwazi; zile zinazokua polepole hukipita mara nyingi, kwani seli zake hufanana mno na seli za kawaida. Vipo pia vipimo vya protini, kama NMP22, na vya vinasaba.

Kimojawapo cha vinasaba hufanyika kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa kupimia kifua kikuu. Hata hivyo, kila ugonjwa una katriji yake, yaani kikasha kidogo cha kipimo kinachowekwa sampuli na kuingizwa kwenye mashine, hivyo mashine inaweza kuwepo hospitalini na kipimo cha kibofu kisiwepo. Uliza kabla ya kulipa nauli ya kutoka Makete au Ludewa.

Majibu yakitoka safi, niache kuwa na wasiwasi?

Kama umeona damu kwenye mkojo, usiache, hata kama ilitoka mara moja tu, haikuuma, kisha ikakoma yenyewe. Saratani ya kibofu huanza hivyohivyo mara nyingi, na majibu safi ya mkojo hayaondoi haja ya utrasaundi na kamera. Vivyo hivyo, majibu yenye dalili si hukumu, kwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, mawe na kichocho vinaweza kuvuruga baadhi ya vipimo hivi.

Kichocho kinahusianaje na saratani?

Mayai ya minyoo ya kichocho cha mkojo hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kuuchokoza kwa miaka mingi, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka minyoo hiyo katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani. Kwa hiyo mtu aliyeogelea ziwani Kyela utotoni, au aliyelima mpunga majini Mbarali kwa miaka, amweleze daktari historia hiyo sawa na vile mvutaji wa sigara anavyopaswa kueleza yake. Saratani inayotokana na kichocho kwa kawaida ni ya aina tofauti na ile inayohusishwa na tumbaku, na vipimo vingi vipya vilibuniwa kwa ajili ya hiyo ya pili; majibu yake yasomwe kwa tahadhari kubwa zaidi kwa mgonjwa wa namna hii.

Linaloniumiza ni kuona damu ikihesabiwa kuwa kichocho kila inaporudi. Prazikwanteli huua minyoo, haiondoi uvimbe. Ukishatumia dozi na damu ikaendelea au ikarejea, omba rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Wanawake wana mtego mwingine: damu yao hudhaniwa kuwa hedhi au U.T.I., wakapewa antibayotiki mara kwa mara pasipo mtu kuagiza uchunguzi wa kibofu.

Sampuli itolewe wakati gani?

Kwa saitolojia, usipeleke mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwa kuwa seli zilizolala kibofuni usiku kucha huwa zimechakaa. Toa unaofuata na uufikishe maabara mapema. Kwa mayai ya kichocho, muda mzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mwanamke aliye kwenye hedhi asubiri imalizike. Anayetumia dawa za kifua kikuu aseme mapema, kwa sababu rifampisini huupa mkojo rangi ya machungwa iliyokolea hadi wekundu ambao si damu.