Mvua iliyopotea kati ya nukta na mkato

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alinijia kutoka Kadutu na kompyuta yake mkobani. Programu ya kuchakata vipimo vya mvua ilikuwa imekubali kuingia kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, bila kosa hata moja. "Yaya, imeingia vizuri," akaniambia, "lakini mvua yangu imepungua." Alikuwa amejumlisha siku tatu kwa mkono: milimita 12.7, 0.4 na 31.8, jumla 44.9. Mashine ilimpa 43.

Hiyo 43 haikutoka hewani. Ondoa kilicho baada ya nukta, zinabaki 12, 0 na 31. Siku ya manyunyu imegeuka siku ya ukavu, na kwa mtu anayehesabu siku za mvua, hilo ni baya kuliko programu kukataa kabisa kufunguka.

Chanzo ni lugha ya watu iliyochaguliwa kwenye mashine. Hapa Bukavu wengi wetu tukiweka Linux tunachagua Kifaransa, na Kifaransa huandika desimali kwa mkato: 12,7. Programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha za C na C++ huuliza mfumo desimali inaandikwaje. Ikijibiwa "kwa mkato", programu inasoma 12, inakutana na nukta, haiijui, inaishia hapo. Wala hailalamiki. Jaribu mwenyewe kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

printf '%.1f\n' 12.7

Kwenye mashine ya Kifaransa Bash, programu inayopokea amri za terminali, itasema namba si sahihi, kisha itachapa 12,0. Afadhali Bash, angalau inasema. Sasa andika locale na utazame mstari wa LC_NUMERIC, unaoamua namba zinaandikwaje. Ukikuta fr_FR.UTF-8, ongeza export LC_NUMERIC=C mwishoni mwa faili la .bashrc, ambalo Bash hulisoma kila inapofunguka, funga terminali, fungua nyingine. Kama LC_ALL, mpangilio wa mambo yote ya lugha, imejazwa, hiyo ndiyo inayotawala, kwa hiyo iondoe kwanza. Lakini usikimbilie kuweka LC_ALL=C kwa kila kitu: herufi kama é kwenye "Température" zitaanza kuharibika. Tulipobadilisha mstari huo mmoja na kuendesha programu upya, 44.9 ikarudi.

Kuna na upande wa pili wa jambo hilohilo. Faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) linalotoka kwenye LibreOffice ya Kifaransa linaweza kuwa na mkato ndani ya namba na nukta mkato (;) kati ya safu. Ukilifungua kwa pandas, zana ya Python ya kuchambua data, iambie wazi: sep=';' na decimal=','.

Matatizo mengine angalau hujitangaza. Umeme ukikatika apt, programu ya kusakinisha programu nyingine, ikiwa katikati ya kazi, na betri imechoka, ukiwasha tena itakataa kila kitu. Andika sudo dpkg --configure -a, halafu sudo apt -f install. Tafadhali usifute kwa mkono faili za lock, zile zinazozuia usakinishaji wa pili usianze. Huenda kuna usakinishaji mwingine unaoendelea nyuma, na ukiukata hapo utavuruga mfumo mzima. Faili kubwa lipakue kwa wget -c, ambayo huendelea pale ilipoishia, mega zako zisiende bure, kisha lipime kwa sha256sum na ulinganishe jibu na lile lililoandikwa pale ulipolipakua.

Saa nayo. Ile betri ndogo ya duara ndani ya kompyuta ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka, na apt inadai faili la Release, lile linalotoka kwenye seva na tarehe yake, bado halijaanza kutumika. Watu wanalaumu mtandao siku nzima. Andika date kwanza, uone tarehe ya mashine.

Kuhusu kosa linaloitwa externally-managed-environment: tangu Debian 12 na Ubuntu 23.04, ambazo ni aina za Linux, pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, haikubali kugusa Python ya mfumo. Wengi huongeza --break-system-packages kwa kuwa waliambiwa inasaidia. Soma jina lake: ni kuvunja. Sakinisha python3-venv kwa apt, kisha tengeneza folda ya Python iliyojitenga na ya mfumo:

python3 -m venv ~/mvua
source ~/mvua/bin/activate

Folda hiyo ikae kwenye diski ya kompyuta. Flashi yenye FAT32 au exFAT haiwezi kuhifadhi viungo vya faili wala ruhusa za Linux, na kazi itakwama kabla haijaanza.

Kabla mwanafunzi wangu hajafunga kompyuta nikamwomba aandike timedatectl, amri inayoonyesha mashine inafuata saa za wapi. Ilikuwa Africa/Kinshasa. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu. Saa za huku mashariki zinapatikana kwa jina Africa/Lubumbashi. Kipimo chake huandika saa kwa UTC, saa ya kimataifa, na programu ndiyo inayozigeuza, kwa hiyo mvua iliyonyesha saa sita na nusu usiku ilikuwa imehesabiwa saa tano na nusu, siku iliyotangulia. Akaandika sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi, akaanza kuzipitia upya siku zake, moja moja, tangu ya kwanza.