Mchanga wa Tangi la Maji Chumvi: Maneno ya Kijiweni na Ukweli Wake

Kila mgeni anayeliona tangi langu la samaki wa baharini hapa Mbezi huniuliza swali lilelile: bahari hii hapa, mchanga wa kununua wa nini? Simlaumu. Mchanga wa bure kila mtu anaupenda.

"Mchanga ni mchanga, nenda Coco Beach na ndoo." Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo lenye makosa mengi. Mchanga wa fukwe za Dar si wa aina moja. Karibu na midomo ya mito, sehemu kubwa ni kwazi, yaani punje ngumu zilizosombwa na maji kutoka bara. Wa visiwa kama Mbudya na Bongoyo ni matumbawe na makombe yaliyosagika, ndugu wa chokaa ile wazee waliyochoma tanuruni. Kuzitofautisha hakuhitaji maabara. Weka kijiko cha mchanga kwenye glasi, mimina siki: ukichemka povu, una chokaa, ukinyamaza, ni kwazi.

Lakini povu halikuambii mchanga umebeba nini kingine. Mto Msimbazi unapita katikati ya jiji na taka zake zote, kisha unaingia baharini. Mafuta na vinyesi huvioni kwa macho. Samaki ndio watakaokujulisha. Na visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo usipande boti na ndoo.

Wapo wanaoamini kwamba mchanga wa matumbawe utalinda pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, bila wewe kugusa kitu. Nami niliamini hivyo, nikaacha kupima. Maji ya bahari yenye pH ya 8.1 hadi 8.3 tayari yamejaa madini hayohayo, hivyo mchanga hauyeyuki kwa kiasi cha maana. Utaanza kusaidia pH ikishaporomoka, wakati samaki wako wameshataabika. Pima alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, na badilisha maji kwa ratiba.

Kuhusu kwazi, kwa kuwa ni silika, madini yanayolisha vimelea vya utando wa kahawia, inasingiziwa kwamba ndiyo inayouleta. Tangi jipya karibu lolote hupata utando huo wiki za mwanzo, hata lisilo na punje moja ya mchanga. Kwazi huyeyuka polepole mno. Mimi ningeyatilia shaka kwanza maji ya kisima unayochanganyia chumvi, maana mara nyingi huja na silika yake.

"Ukijaza mwingi ndiyo vizuri." Hapana. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha nyumba nyingi. Tangi la sentimita 100 kwa 40, ukiweka kina cha sentimita 4, ni lita 16 za mchanga, kilo 24 hivi. Kina cha zaidi ya sentimita 10 kinaweza kupunguza naitreti, mabaki ya mwisho ya uchafu wa samaki, kwa kuwa bakteria wa chini wanaishi bila oksijeni, ila kinataka mtu mvumilivu asiyekifukua. Ukikivuruga kwa mkupuo baada ya miaka, harufu ya yai viza itakujulisha ulichokitibua, na gesi hiyo ni sumu kwa samaki.

Punje nene kama kokoto nazo hazifai sana: chakula kinazama katikati yake na kuozea humo. Punje laini kupita kiasi hupeperushwa na pampu. Milimita 1 hadi 2 ni wastani mzuri, isipokuwa una samaki wanaojizika usiku. Hao wanataka mchanga laini usiowachubua.

Wengine husema tangi bila mchanga haliishi. Linaishi, kwani bakteria wanakaa pia kwenye mawe na vichujio. Halipendezi tu, machoni mwangu.

Na mchanga hai, ule unaouzwa mfukoni ukiwa na bakteria wake? Bakteria wamo, ila haumaanishi uweke samaki jioni ileile. Subiri wiki kadhaa mpaka amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu, zisome sifuri kwenye kipimo. Huo usiuoshe kwa maji ya bomba, klorini itawaua hao bakteria uliowalipia. Mkavu ndio wa kuosha, beseni baada ya beseni, mpaka maji yatoke maangavu. Mara ya kwanza mimi nilichoka kwenye beseni la nne, nikaumimina hivyohivyo. Siku tatu nzima tangi lilionekana kama limejaa maziwa.