Dawa imeanza kufanya kazi, mbona mgonjwa anazidiwa?

Ndugu wa wagonjwa huniuliza swali hili kuliko jingine lolote: mtu ameanza ARV, anameza vidonge vyake bila kukosa, mbona wiki ya tatu homa imerudi na tezi za shingo zimevimba? Wengine huja na hukumu tayari, kwamba dawa ndizo zinazommaliza. Kazi yangu ni kutafiti kinga ya mwili inapopitiliza, na hali hii, ambayo sisi watabibu tunaiita IRIS kwa kifupi, yaani kinga inayorudi kwa kishindo na kuleta uvimbe mwilini, ndiyo inayonila muda mwingi.

Tuanze na kifua kikuu. VVU vikishamaliza seli za CD4, ambazo ni askari wa kinga, vimelea vya TB huzaliana bila bughudha. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza hata kupigwa picha ya kifua ikatoka karibu safi, kwa sababu mawingu na matundu tuliyozoea kuyaona kwenye mapafu huletwa kwa sehemu kubwa na kinga yenyewe inapopigana. ARV zikianza, virusi hushuka ndani ya wiki chache, CD4 zinarudi na kukuta mwili umejaa vimelea, vilivyo hai na mabaki ya vilivyouawa na dawa za TB. Zinashambulia vyote. Damu inajaa kemikali za kuchochea kinga, kama TNF na interlukini-6, na hapo ndipo homa na uvimbe vinapotokea. Ni kama sungusungu waliolala msimu mzima: siku wakiamka, wanavunja hata milango ya wenyeji.

Kipimo kimoja cha kuthibitisha IRIS hakipo. Kabla ya kuitamka inabidi nijiridhishe kwamba TB yake si sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB, kwamba dawa anameza kweli, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine uliojificha. GeneXpert, mashine ya maabara tunayoitegemea sana wakati wa kugundua TB, hainiambii kama tiba inafanya kazi, maana husoma vinasaba hata vya vimelea vilivyokwisha kufa.

Je, tuipoze kinga kwa steroidi? Utafiti wa PredART uliofanyika Khayelitsha, Cape Town, na kuchapishwa 2018, uliwachukua watu 240 wenye TB ambao CD4 zao hazikuzidi 100 kwa kila mikrolita ya damu. Nusu walipewa prednisoni, aina ya steroidi, miligramu 40 kwa siku kwa wiki 2, kisha 20 kwa wiki 2 nyingine. Nusu vidonge visivyo na dawa. IRIS iliwapata asilimia 46.7 ya waliokosa dawa, na asilimia 32.5 ya walioipata, tena bila maambukizi makali kuongezeka. Mwenye saratani ya Kaposi, hata hivyo, asiguswe na mpango huo: steroidi huichochea saratani hiyo.

Kwenye ubongo hesabu ni nyingine kabisa. Utafiti wa COAT, wa Kampala, Mbarara na Cape Town, ulihusu watu 177 wenye homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi. Walioanza ARV wiki ya kwanza au ya pili baada ya ugonjwa huo kugunduliwa, asilimia 45 walikuwa wamefariki kufikia wiki ya 26. Waliosubiri kama wiki 5, asilimia 30. Walioathirika zaidi ni wale ambao maji ya uti wa mgongo wao yalikuwa na seli nyeupe chache mno. Lakini IRIS iliyotambuliwa rasmi haikutofautiana sana kati ya makundi hayo mawili, na hilo bado linanikosesha raha.

Basi tuwape steroidi hao nao? Hilo lilijaribiwa Asia na Afrika, Uganda na Malawi zikiwemo. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati baada ya watu 451: waliopewa deksamethasoni, ambayo nayo ni steroidi, fangasi alikawia kuondoka na ulemavu ulikuwa mwingi zaidi. Nionavyo mimi, dawa za TB zinaua vya kutosha hata kinga ikipunguzwa kasi kidogo, ila kwa kriptokokasi kinga bado inabeba sehemu kubwa ya kazi, na ukiipoza unamwachia fangasi nafasi.

Ndiyo maana siku hizi nasumbua kliniki kuhusu kipimo cha CrAg. Kinahitaji damu kidogo, majibu hutoka ndani ya dakika kumi hivi, na humgundua fangasi huyo wa kriptokokasi kabla hajafika kichwani. Mgonjwa mwenye CD4 chini ya 200 apimwe kabla ya kukabidhiwa kopo la kwanza la ARV.