Homa ya Bonde la Ufa: kirusi kinavyoingia kwenye seli, na kinachofanya kikishaingia

Mvua kubwa ikinyesha kaskazini na habari za mbuzi kutupa mimba zikaanza kusikika kutoka Garissa, Wajir au Isiolo, swali ninaloulizwa sana hapa Nairobi ni moja: nyama ni salama? Huniuliza majirani, jamaa, hata wenye mabucha wanaoona wateja wakipungua. Jibu fupi ni kwamba nyama iliyokaguliwa, ikaning'inizwa ikapoa, kisha ikaiva vizuri jikoni, haina shida. Hatari iko kwenye damu mbichi, kwenye kondo na maji ya uzazi ya mnyama aliyetupa mimba, na kwenye maziwa yasiyochemshwa. Lakini jibu fupi halielezi sababu, na mtu asiyejua sababu hurudi kuogopa mvua ijayo. Mimi ni mtafiti wa virusi, na kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa ndicho ninachokifuatilia zaidi, kwa hiyo acha nieleze kwa kirefu.

Kirusi hiki kilitambuliwa hapa kwetu. Mwaka 1930 kondoo walianza kutupa mimba na wana-kondoo kufa kwa wingi katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha. Daubney, Hudson na Garnham, waliofanya uchunguzi wao katika maabara ya mifugo ya Kabete, walionyesha kwamba kisababishi ni kirusi, wakachapisha matokeo yao mwaka 1931. Walipopasua mizoga, kiungo kilichokuwa kimeharibika kupita vyote kilikuwa ini. Tangu wakati huo kila mwanafunzi wa udaktari wa mifugo amefundishwa kwamba ugonjwa huu hula ini na kuharibu mimba. Kwa nini ini, na kwa nini mimba, ilichukua miaka 90 kupata jibu linaloanza kuridhisha.

Ugonjwa wenyewe si wa kudharau. Katika mlipuko wa mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007 Kenya iliripoti wagonjwa 684, na 155 kati yao walikufa. Hata hivyo hao ni wale waliougua kiasi cha kuonekana na kuhesabiwa. Wengi wanaoambukizwa hupata homa ya siku chache, maumivu ya misuli na kichwa, wakapona bila kujua walikuwa na nini. Sehemu ndogo sana hupatwa na kuvuja damu, au uvimbe wa ubongo, au kuharibika macho, na kati ya wanaofikia hatua ya kuvuja damu, takriban nusu huweza kufa. Tofauti hiyo kubwa kati ya mtu na mtu ndiyo inayonifanya nisiseme kamwe kwamba kirusi fulani ni kikali au si kikali, nikaishia hapo. Ukali hautoki kwa kirusi peke yake. Hutokana na kirusi kukutana na seli fulani, katika mwili fulani, na utafiti wa miaka ya karibuni unazidi kulionyesha hilo.

Tuanze na kirusi chenyewe. Ni kifurushi kidogo cha mafuta chenye vipande vitatu vya RNA, yaani maelekezo yake ya kurithi, ndani yake. Juu ya utando huo wa mafuta zimejipanga protini mbili zinazoitwa Gn na Gc. Hakina mashine ya kutengeneza protini, hakina nishati, hakiwezi kujiongeza peke yake. Kikiwa nje ya seli ni kitu kilichotulia tu, na njia yake ya pekee ya kuendelea ni kushika kitu kilicho juu ya seli hai kisha seli yenyewe ikivute ndani.

Kitu hicho ni nini? Mwaka 2021 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walichapisha kazi ambayo naiona kuwa kati ya kazi bora zaidi zilizowahi kufanywa juu ya kirusi hiki. Walichukua seli za ubongo wa panya zinazooteshwa maabara, na kwa CRISPR, mbinu ya kukata jeni, wakazima jeni tofauti katika seli tofauti, jeni moja kwa kila seli, hadi wakagusa karibu kila jeni. Kisha wakazimwagia zote kirusi. Nyingi zilikufa. Chache zilizosalia zikachunguzwa kujua ni jeni gani iliyozimwa ndani yake. Yalijitokeza majina matatu yanayohusiana: LRP1, ambayo ni protini kubwa inayokaa juu ya seli, na protini nyingine mbili, RAP na Grp94, ambazo kazi yake ni kuisaidia LRP1 ikunjwe vizuri wakati inapotengenezwa. Ukiona mtego ulioutega bila kuelekea popote ukinasa protini pamoja na wasaidizi wake wawili, unajua hukubahatisha.

LRP1 haikuwekwa pale kwa ajili ya kirusi. Kazi yake mwilini ni kama ya mzoa taka wa mtaa: hushika zaidi ya aina 40 za protini na mafuta yanayozunguka nje ya seli na kuyaingiza ndani yakavunjwevunjwe. Imejaa kwenye seli za ini, kwenye kondo la nyuma, kwenye seli za neva na kwenye seli za kinga. Orodha hiyo ukiiweka kando ya dalili za ugonjwa, ini, mimba, ubongo, utaelewa kwa nini niliposoma matokeo yale niliinuka kitini. Zaidi ya hayo, LRP1 ya mbuzi, ya kondoo, ya ng'ombe na ya binadamu zinafanana mno. Kirusi kilichozoea kuishika ya mwana-kondoo hakihitaji kujifunza lolote jipya ili kishike ya mchinjaji.

Sisemi kwamba mjadala umekwisha. Kazi zilizofuata zimeonyesha kwamba seli zisizo na LRP1 bado zinaweza kuambukizwa, ila kwa kiwango kidogo. Mapema zaidi, mwaka 2011, ilionyeshwa kwamba kirusi hiki na jamaa zake hushika pia protini iitwayo DC-SIGN, inayopatikana kwenye seli za kinga zilizo chini ya ngozi, mahali hasa ambapo mbu, ambao nao hueneza kirusi hiki, hutoboa. Minyororo ya sukari iliyo juu ya seli nayo humsaidia kirusi kunata. Maoni yangu ni kwamba tunaangalia njia kadhaa zenye uzito tofauti katika viungo tofauti, na LRP1 ndiyo nzito kuliko zote katika ini.

Kushika ni nusu ya safari. Seli hukimeza kirusi ndani ya kifuko kidogo, na kifuko hicho kadiri kinavyozama ndani ya seli huongezeka asidi. Kwa vitu vingi vilivyomezwa huo ni mwanzo wa kuyeyushwa. Kwa kirusi hiki ndiyo ishara iliyokuwa ikisubiriwa. Asidi inapozidi, protini ya Gc hubadilika umbo, hujinyoosha na kujichomeka kwenye utando wa kifuko, kisha hujikunja na kuuvuta utando wa kirusi hadi tando mbili zikaungana kuwa moja. RNA humwagika kwenye seli.

Badiliko hilo la Gc halirudi nyuma. Likitokea mahali ambapo hakuna utando wa seli wa kujichomeka, kirusi kimejiharibu. Sasa rudi kwenye bucha. Mnyama akichinjwa, sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli hugeuka kuwa asidi ya laktiki, na pH (kipimo cha asidi; kikishuka, asidi imezidi) ya nyama ya ng'ombe hushuka kutoka 7 hivi hadi karibu 5.5 kadiri saa zinavyopita. Kirusi kilichobaki kwenye msuli hukutana na asidi ileile kinayoitegemea ndani ya seli, lakini hakuna seli hai ya kuingia. Kwa hiyo nyama iliyoning'inizwa huwa salama zaidi kila saa inayopita, hata kabla ya kufika jikoni, na moto humaliza kazi. Damu inayoruka kisu kinapopita haijapata asidi yoyote. Iko moto, na kama mnyama alikuwa mgonjwa, imejaa virusi vizima. (Angalizo moja kwa wanaonunua mbuzi waliosafirishwa usiku kucha kwa lori kutoka Moyale: mnyama aliyechoka sana amekwisha kutumia sukari ya misuli yake, kwa hiyo nyama yake haiingii asidi inavyotakiwa. Ipike iive.)

Wakati mmoja kule Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi ya Nairobi, mzee mmoja, mikono imelowa damu hadi viwikoni, aliniuliza: "Daktari, huu ugonjwa ukinishika mimi kutoka kwa mbuzi, mbona haumshiki mama watoto?" Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa katika mikutano ya wataalamu. Nilimwambia hivi: kirusi cha mafua hukaa kwenye seli za njia ya hewa na hutoka kwa kikohozi, ndiyo maana kinampata kila aliye chumbani. Hiki chetu hukaa kwenye damu na viungo vya ndani. Wewe umemgusa mbuzi ndani, kwenye damu yake na ini lake, na una michubuko mikononi. Mama watoto hakugusi hivyo. Maambukizi ya kawaida kutoka mtu kwa mtu hayajathibitishwa, isipokuwa visa vichache vya mama kwa mtoto aliye tumboni. Mzee aliniangalia mikono yangu, akaangalia yake, akaomba glavu.

Tumefika ndani ya seli, na hapa ndipo ukali unapoamuliwa. Seli ikigundua RNA ngeni hutoa interferoni, protini inayoziamsha seli jirani zijikinge. Kirusi hujibu kwa protini inayoitwa NSs. Ajabu yake ni kwamba kirusi hiki hujiongezea nje ya kiini cha seli, lakini NSs huingia ndani ya kiini na kujipanga kuwa nyuzi ndefu. Humo huvuruga mitambo inayosoma jeni, na amri ya kutengeneza interferoni haitoki. Pia huiangamiza PKR, protini ambayo ingesimamisha utengenezaji wa protini zote katika seli iliyovamiwa.

Tulijuaje umuhimu wa NSs? Kwa sababu kuna kirusi kilichoipoteza. Kinaitwa Clone 13, kilichotokana na sampuli ya mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 1974, na kimepungukiwa asilimia 69 ya jeni ya NSs. Panya wa kawaida wakichomwa Clone 13 hawaumwi. Panya waliokosa kipokezi cha interferoni, yaani ambao seli zao haziisikii, wakichomwa kirusi hichohicho wanakufa. Kirusi ni kimoja. Kilichobadilika ni mwili uliokipokea. Afrika Kusini leo hutumia Clone 13 kama chanjo ya mifugo.

Maabara nyingi duniani huotesha virusi kwenye seli za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili wa Afrika. Ukiwekea chupa ya Vero aina ya kirusi iliyopunguzwa makali na kuiangalia kwa darubini kila siku, unaona zulia la seli zilizoshikana likianza kupata mapengo: seli hunywea, hujiviringa, hubanduka kwenye plastiki na kuelea. Ni rahisi kusahau kwamba Vero hazina uwezo wa kutengeneza interferoni. Kwa hiyo Clone 13 huota humo bila shida. Ndiyo maana huwasisitizia wanafunzi wangu kwamba jambo lililoonekana kwenye Vero ni lazima lijaribiwe kwenye seli za ini au za kondo kabla ya kuliita ukweli wa ugonjwa.

Kuhusu kondo, nina hofu ya kweli. Mwaka 2016 watafiti walioifuatilia hospitali moja Sudan waliripoti kwamba wajawazito wenye dalili za maambukizi ya karibuni ya kirusi hiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuharibikiwa na mimba. Miaka miwili baadaye ilionyeshwa maabara kwamba kirusi hiki huweza kuambukiza hata tabaka la nje la kondo la binadamu, tabaka ambalo huvizuia virusi vingi, cha Zika kikiwemo. Kwa muda mrefu tulihesabu mimba za kondoo na hatukuhesabu za wanawake. Mjamzito asishike mnyama aliyetupa mimba wala kondo lake, na asisaidie kuchinja wakati wa mlipuko. Na kliniki zikipokea mama mwenye homa kutoka jamii ya wafugaji baada ya mafuriko, malaria isiwe jibu pekee linalofikiriwa.

Matumaini yapo. Chanjo ya binadamu iitwayo ChAdOx1 RVF, inayobeba maelekezo ya kutengeneza Gn na Gc ili mwili ujifunze kuzizuia, ilijaribiwa kwa watu Uingereza na matokeo ya awamu ya kwanza yakatoka mwaka 2023. Upande wa LRP1 nao unasonga. Watafiti walewale wa 2021 walitengeneza kipande cha RAP kinachoishika LRP1 kwa nguvu kiasi kwamba kirusi hakipati nafasi, na panya waliopewa walikingwa na ugonjwa. Mwaka 2022 ikaonekana kwamba kirusi cha Oropouche cha Amerika Kusini, jamaa wa mbali, nacho hutumia LRP1. Mwaka 2024 kirusi cha homa ya Crimea-Congo, ambacho kipo Kenya pia, kikaonekana kutumia LDLR, protini ya ukoo huohuo. Dawa moja inayozuia njia ya virusi kadhaa si ndoto ya mbali kama ilivyokuwa miaka kumi iliyopita.

Kikwazo ni kwamba mwili unaihitaji LRP1. Panya wasiokuwa nayo kabisa hufa wangali tumboni mwa mama zao. Kuizuia kwa mtu mzima kwa siku tatu au nne baada ya kumwagikiwa damu ya mnyama mgonjwa kunaweza kuvumilika. Kuizuia kwa mjamzito, ambaye ndiye ningependa kumkinga kuliko wote, huenda kukawa hatari yenyewe. Kwake yeye naona afadhali tupate kingamwili zinazomshika kirusi kwenye Gn na kuiacha LRP1 ifanye kazi yake, na huko ndiko ningeelekeza fedha za utafiti kwanza.