"Akue kwanza" tena!

Wiki iliyopita daktari kijana anayejifunza upasuaji kwangu alisimama mbele ya eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya mtoto wa siku sita, kilo mbili nukta tisa, mishipa mikuu miwili ya moyo imebadilishana mahali, akasema kwa heshima zote: "Dokta, tusimsubiri akue kidogo? Afike hata kilo tano?" Nimeshaisikia kwa wauguzi, kwa mabibi wodini, kwa madaktari wa wilayani. Sasa naiandika hapa, nikiulizwa tena nitume linki.

Haraka haraka: aota, mshipa mkuu wa kupeleka damu mwilini, imetokea ventrikali (chumba cha moyo kinachosukuma damu) ya kulia, na ateri ya mapafu imetokea ventrikali ya kushoto. Damu chafu inazunguka mwilini, safi inarudi mapafuni, hazikutani ila kwenye matundu. Dawa ya prostaglandini inazuia mfereji wa ateri, unaounganisha mishipa hiyo miwili, usifunge; ikiwa haitoshi, unapanua tundu la kati ya atiria, vyumba vya juu vya moyo, kwa puto, kama alivyoonyesha daktari Rashkind mwaka 1966. Ndiyo, tunatanua tundu. Bibi aliyeambiwa mjukuu ana tundu la moyo hubaki mdomo wazi akisikia kwamba shida ni udogo wa tundu lenyewe.

Sasa hilo la kusubiri. Tumboni mwa mama, ventrikali zote mbili zinasukuma kwa presha kubwa. Mtoto akizaliwa mapafu yanafunguka, presha yake inashuka, na ventrikali ya kushoto, ambayo kwake inasukumia mapafu, inabaki na kazi nyepesi. Mguu uliotolewa hogo umewahi kuuona? Ndivyo msuli huo unavyonywea, tena ndani ya wiki chache. Halafu siku ya upasuaji unairudisha mishipa mahali pake, na msuli huo unaubebesha mwili mzima! Ndiyo maana tunawahi wiki mbili tatu za mwanzo. Kilo zinapanda, ventrikali inaisha.

Kinachoniudhi ni kwamba "akue kwanza" si uongo mtupu. Tundu dogo la kati ya ventrikali, peke yake, unalisubiri kweli. Mengine huziba yenyewe. Na mtoto huyu huyu angekuwa na tundu kubwa hapo, presha ya kushoto isingeshuka, muda ungekuwepo kidogo, ila mishipa ya mapafu ingeharibika mapema. Sentensi ile ile: kwa huyu ni busara, kwa yule ni kifo.

Ufundi wa vidole? Utafuata. Kila Jumamosi tunashonea mioyo ya mbuzi. Muuza nyama anaamini nina kibanda cha supu. Daktari Jatene alifanikiwa kuibadilisha mishipa hii São Paulo, Brazili, mwaka 1975 kwa sababu alihamisha na mishipa ya koronari, inayolisha moyo wenyewe, kila mmoja na kipande chake cha ukuta wa aota. Kijana wangu alishona kipande chake kwa uzi mwembamba wa 7-0, safi kabisa, ila kimejipinda kama unywele. Nikasukuma maji kwa bomba la sindano. Hakikupita hata kitone. Hakusema neno, akaanza kufumua.

Asichoniuliza ni mtoto wa tatizo hili anayefika kwetu akiwa na wiki sita. Hapo eko inaonyesha ukuta wa kati umeinamia kushoto, ventrikali imekuwa kama ndizi, na mimi nakisia kama itaubeba mwili. Kuna zinazobeba, kuna zinazogoma mezani. Unaweza kuibana ateri ya mapafu kwanza ili msuli ufanye mazoezi, lakini hiyo ni operesheni mbili kwa mtoto mmoja. Nimeshakosea pande zote mbili. Mara ya mwisho tulikaa watatu mbele ya picha moja, tukatoka na majibu matatu.