Ile pi-pi ya Morse haipiti hewani

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa mashua kule Mikindani. Akipita kibandani kwangu Chikongola, ninapotengeneza redio, lazima akae na kuchokonoa kila kilicho mezani. Safari hii alikuta kimtambo cha kurushia Morse, ile lugha ya nukta na vistari: transista moja, kristali, kapasita na rezista chache, betri ya volti 9, na kibonyezo nilichokitengeneza kwa kipande cha msumeno wa chuma.

Akaniuliza: "Mjomba, hiyo pi-pi inatokea wapi? Mbona sioni spika?"

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Haya ndiyo wanayoniambia, na majibu yangu.

"Mtambo unarusha ule mlio."

Haurushi mlio wowote. Ukibonyeza, umeme wa betri unaingia kwenye sakiti na wimbi moja linatoka, la masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yasiyobadilika. Ukiachia, linakatika. Bonyezo fupi ni nukta, na bonyezo la urefu wa nukta tatu ni kistari. Wimbi lenyewe, kwa kristali yangu, linapanda na kushuka mara 7,030,000 kwa sekunde, na hakuna sikio la kusikia hilo.

Mlio unazaliwa kwa mpokeaji. Ndani ya redio ya Morse kuna sakiti ndogo inayotengeneza wimbi jingine lililopishana kidogo na lile linaloingia, tuseme 7,030,700. Yakichanganywa, tofauti yake ni 700 kwa sekunde, na hiyo sikio linaisikia vizuri. Mjomba alilielewa jambo hili upesi kuliko vijana wanaokuja kujifunza kwangu: mashua mbili zikienda ubavu kwa ubavu, injini zikazunguka karibu sawa lakini si sawa kabisa, unasikia mngurumo unaovimba na kunywea. Huo mvumo haumo kwenye injini hii wala ile. Umo katika tofauti yao.

Tukajaribu. Redio yangu ya masafa mafupi haina sakiti hiyo ya ziada. Nilipobonyeza, haikulia, mchakacho wake ulinyamaza tu, nikaachia ukarudi. Mjomba akacheka: "Sasa hii inasema kwa kunyamaza!" Nikaleta redio ya pili, nikaiweka pembeni yake na kuifungulia kilohezi 6,575. Redio nyingi za bei ndogo hutengeneza ndani yake wimbi lililo kilohezi 455 juu ya pale ulipofungulia, na kiasi fulani huvuja nje. Jumlisha 6,575 na 455 upate kilohezi 7,030, yaani zile mara 7,030,000 kwa sekunde. Nikabonyeza tena: piii. Mtambo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni upande wa kusikiliza.

"Kristali ndiyo inayotoa nguvu."

Nguvu yote ni ya betri. Kristali ni kipande chembamba cha jiwe la kwazi kinachotetema kwa mwendo wake mmoja, hakisikii mwingine. Transista inakisukuma kidogo kila kinaporudi, kama anayemsukuma mtoto kwenye bembea: kasi anaamua bembea, msukumaji anafuata.

"Bila wati nyingi hufiki popote."

Kimtambo changu hakifikishi wati moja, na watu wenye mitambo ya namna hiyo wamewasiliana kwa mamia ya kilometa, anga likikubali. Wimbi la megahezi 7 linapanda, linapindwa na tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, zaidi ya kilometa 200 juu, kisha linarudi chini mbali. Pia Morse haina tamaa ya nafasi. Sauti ya mtu kwenye redio ya AM hutanda kilohezi kadhaa. Morse inatosheka na hezi 150 hivi, kwa hiyo mpokeaji anaweza kuziba masikio yake kwa kila kitu isipokuwa kile kijipande chembamba cha masafa.

Waya wa antena mrefu kupita kiasi hausaidii, ingawa kila anayekuja hapa anaona minazi na kutaka kuufunga kutoka mti wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa masafa haya ni mita 20 na kidogo, ukatwe katikati na kuunganishwa na mtambo hapo. Usipolingana na masafa, sehemu ya nguvu hurudi kwenye mtambo, na transista inaweza kuungua.

"SOS ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya kuomba kuokolewa."

Maneno yalibandikwa baadaye. Mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Berlin mwaka 1906 uliichagua kwa sababu mdundo wake, nukta tatu, vistari vitatu, nukta tatu, haufanani na kingine. Mjomba hakuipenda habari hii. Wala hakupenda kusikia kwamba meli kubwa ziliachana na Morse katika mpango wao wa dharura tangu Februari 1999, zikahamia setilaiti na redio za kisasa.

"Kitu kidogo hivi hakihitaji leseni."

Kinahitaji. Kilohezi 7,000 hadi 7,200 ni za waendesha redio wa ridhaa, na kwetu leseni hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ndiyo maana, ili wimbi lisiende mbali, mahali pa antena niliweka rezista mbili za omu 100 zilizounganishwa sambamba, zikawa omu 50. Nguvu inaishia humo kama joto, na redio iliyo mezani inasikia bado.

Muda wote nilipokuwa nikieleza haya, mjomba alikuwa anajaribu kuandika Mtwara kwa kibonyezo. M, vistari viwili. T, kimoja. Akakwama kwenye W, kila mara akisahau nukta ya mbele.